Tulianzia Kwenye Msitu Mzima

Jumapili, kufika

Gari lilitushusha, sisi tuliojitolea wiki moja kung'oa mimea vamizi, kwenye geti la hifadhi jua likiwa limeshaelekea kuzama, na kitu cha kwanza tulichokiona ni ukuta. Lantana, kichaka cha kigeni chenye vimiiba, pande zote mbili za barabara, imepanda hadi juu ya paa la gari, matawi yameshikana kiasi kwamba hata mbwa angepenya kwa shida. Ilikuwa imechanua. Kila kishada kina maua ya manjano katikati na ya waridi pembeni, maana ua la lantana huanza na rangi moja na kubadilika linapozeeka. Kijana mmoja nyuma yangu, mwenye panga jipya ambalo bado lilikuwa na lebo, akasema, "Haya, kazi yenyewe ndiyo hii." Kila mmoja wetu alidhani hivyo. Mimi nilishaanza kutafuta kwa macho mahali pa kupiga panga la kwanza.

Kiongozi wetu, mama wa makamo mwenye kofia iliyopauka kwa jua, hakuugeuzia ukuta ule hata jicho. Alitandika turubai chini, akatugawia brashi za waya, akatuamuru tusugue buti zetu kabla ya kuvuka geti. Soli, kamba, mikunjo ya suruali, hata chini ya mifuko. Matope yaliyodondoka yalikunjwa ndani ya turubai na kumwagwa kwenye gunia. "Mnakuja kutoa magugu," alisema, "msiniletee mengine." Mzee mmoja mstaafu, ambaye inaonekana huja kila msimu, alikuwa amekwisha kusafisha zake na alikaa pembeni akinoa panga kwa tupa aliyoitoa mfuko wa nyuma wa suruali. Tupa hiyo niliiona mfukoni mwake wiki nzima.

Usiku tulipewa maelekezo: nani ana mzio, nani hajachanjwa pepopunda, sanduku la huduma ya kwanza liko wapi, glavu zivuliwe lini na zisivuliwe lini. Moja ndilo alilolirudia mpaka tukaanza kucheka. Mkono usitangulie jicho, kwa sababu ya nyoka. Kiongozi huyo tulimwita Mama tu, na baada ya siku moja hakuna aliyekumbuka kumwita vingine.

Jumatatu

Tuliamka kabla ya jua, tukaupa ukuta mgongo. Tulitembea zaidi ya saa nzima tukipanda kuingia msituni, na kadiri tulivyokwenda ndivyo lantana ilivyozidi kupungua: kwanza vichaka vinavyogusana, kisha vya mbalimbali, kisha kimoja hapa na kingine mbali huko. Tulifika mahali penye miti mikubwa, kivuli kizito na sakafu ya majani makavu, ambapo lantana ilibidi uitafute ndipo uione. Hapo ndipo Mama alipotua mkoba.

"Mama, samahani," akasema yule kijana, "lakini kazi si iko kule getini?"

"Iko. Ila msitu hauko kule. Ukisafisha pale leo, kitakachoota kesho ni nini? Mbegu zote zilizolala pale chini ni za lantana. Hapa, ukiing'oa moja, kuna mia za asili zinazosubiri nafasi yake."

Wazo hilo hakulidai kuwa lake. Alitueleza habari za ndugu wawili wa kike wa Sydney, Australia, Joan na Eileen Bradley, ambao kuanzia miaka ya 1960 walipalilia msitu uliokuwa karibu na kwao kwa mikono na vifaa vidogo. Waliona kwamba penye kufyekwa kwa pupa magugu hurudi mazito kuliko mwanzo, ila penye kung'olewa kidogo kidogo, kwa kuanzia upande wenye uzima na kusogea taratibu kuelekea upande ulioharibika, mimea ya asili hujirudishia ardhi yake yenyewe. Walisisitiza pia udongo usivurugwe, na majani makavu yaliyosogezwa yarudishwe yalipokuwa, na mtu asiende haraka kuliko uoto wa asili unavyoweza kumfuata. Hili la mwisho ndilo gumu, hasa ukiwa umetoka mbali na panga lako.

Kisha akatuonyesha namna ya kung'oa. Nilidhani sina cha kujifunza hapo, kumbe kichaka cha lantana hakikatwi kama mtu anavyokata kuni. Ukikikata juu ya ardhi, pale shina linapokutana na mzizi pana nundu ngumu, na kutoka kwenye nundu hiyo huchomoza machipukizi mengi kuliko shina ulilolikata. Umekifanyia hisani. Njia tuliyofundishwa imetengenezwa India na Profesa C. R. Babu wa Chuo Kikuu cha Delhi na wenzake, na imetumika katika hifadhi ya chui milia ya Corbett. Unapunguza kwanza matawi ya upande mmoja ili ufike shinani. Unakwangua udongo kwa jembe dogo mpaka uione nundu. Unashuka chini yake sentimita tatu hadi tano, unageuza upande wa sururu wenye makali, unapiga. Pigo moja likikaa vizuri linatosha, yakikaa vibaya ni matano. Kichaka kinalegea, mnakiinua wawili, mnakigeuza kichwa chini miguu juu, mnakiweka juu ya mawe au juu ya kichaka kingine kilichokwisha kukauka. Nundu isiguse udongo. Ikigusa na mvua ikanyesha, hujui.

Kabla ya yote hayo kuna matunda. Lantana huzaa vifundo vya matunda madogo, mabichi ya kijani na mabivu meusi yanayong'aa, mara nyingi yote mawili katika kifundo kimoja. Ndege huyapenda, na ndio wanaozipeleka mbegu hadi huku ndani, kwani kila kichaka tulichokikuta peke yake kilikuwa chini ya tawi zuri la kutua. Kwa hiyo mmoja wa kila jozi alibeba gunia, akatangulia kukata vifundo vyote kwa mkasi wa matawi kabla sururu haijashuka. Mwenzangu wa siku ile, dada mmoja mkimya aliyekuwa anafanya kazi hii kwa mara ya kwanza, alikuwa na macho makali kuliko yangu. Nilikuwa nikisema pameisha, yeye anaonyesha kifundo kingine nyuma ya jani.

Majani yakikwaruzwa hutoa harufu kali inayoshika kwenye glavu. Mpaka jioni ilikuwa imeingia kwenye shati, kwenye nywele, na mto wa kulalia.

Jumanne

Mgongo. Sina zaidi ya kusema kuhusu asubuhi.

Tulikuwa tunaendelea na mteremko uleule. Kijana wa panga jipya, ambaye jana alikuwa amenuna, leo aliamka na ari ya ajabu na kufikia saa nne alikuwa ameng'oa vichaka vingi kuliko jozi yoyote. Tatizo ni kwamba kimojawapo hakikuwa lantana. Kilikuwa cha asili, chenye majani ya pembe za msumeno yanayofanana nayo kabisa kwa mtu mwenye haraka. Dada wa mimea (ndivyo tulivyomwita mtaalamu aliyekuwa nasi) alikichukua bila kugomba, akakiweka chini mbele yetu pamoja na tawi la lantana, akatuita wote.

"Shika shina. Lantana ina pembe nne, hii ni ya mviringo. Pitisha kidole kinyume: lantana ina vimiiba vilivyojikunja, hii haina. Halafu ponda jani unuse. Vyote vitatu vikikubaliana, ng'oa. Kimoja kikikataa, niite. Sichoki kuitwa."

Aliitwa sana siku ile, na kweli hakuchoka.

Baada ya chakula cha mchana kijana yuleyule akaona kando ya njia mmea mfupi wenye maua meupe, akauliza nao ni wa kwetu au mgeni. Dada wa mimea akasema ni mgeni. Mkono wa kijana ukashuka. "Uache," akasema. Kijana akashangaa: si mgeni? Ndiyo, ni mgeni, lakini umekaa kando ya njia miaka nenda rudi na haujasogea mita moja kuingia kwenye kivuli. Tumekuja kwa ajili ya wavamizi, si wageni.

Jioni alituwekea takwimu juu ya maneno hayo. Ripoti ya IPBES, jopo la kimataifa la sayansi ya bioanuwai, iliyotolewa mwaka 2023, inasema zaidi ya spishi 37,000 za viumbe zimepelekwa na binadamu na kustawi mahali pasipo pao duniani. Kati ya hizo, zenye ushahidi wa madhara ni zaidi ya 3,500. Maana yake sehemu kubwa ya wageni hawamsumbui mtu. Ila hizo chache zimechangia katika asilimia 60 ya matukio ya kutoweka kwa viumbe yaliyorekodiwa, na gharama yake kwa mwaka 2019 ilikadiriwa kuvuka dola za Marekani bilioni 423. Mzee akasema namba ya mwisho hawezi kuiona kichwani, haimsaidii kitu. Ile ya kwanza na ya pili, akasema, zitamsaidia kesho asubuhi.

Nakubaliana naye. Nimewahi kuwasikia watu wakizungumzia mimea ya kigeni kwa maneno ambayo wangeona haya kuyatumia kwa binadamu, na sipendi yanakoelekea. Mmea haukujileta. Lantana ilitoka Amerika ya kitropiki kwa sababu watu waliipenda kwenye bustani, ikasafirishwa kwa meli, ikapandwa kwa mikono yenye mapenzi. Ukiukasirikia mmea unakata ovyo. Ukijua unafanyaje kazi, unakata chini ya nundu.

Jumatano

Siku nzuri kuliko zote, na tuliyofanya kazi kidogo kuliko zote.

Tulishuka kuingia ukanda ambao lantana na msitu vinagawana nusu kwa nusu. Sasa swali halikuwa tena kung'oa vipi, lilikuwa tung'oe kipi tuache kipi. Mama alitupitisha kichaka kwa kichaka. Hiki, toa, kwa sababu chini yake kuna miche ya miti inayosongwa, hebu tazama, mmoja, miwili, mitano, imejikunja ikitafuta mwanga. Hiki, acha kwanza, kwa sababu chini yake hakuna kitu, ukitoa unafungulia jua udongo mtupu na mbegu za lantana zilizolala ndani yake zitaota zote kwa pamoja. Hiki, punguza matawi tu ili mche huu upate kichwa, mwakani mtu mwingine atamalizia.

Nilijikuta nimepiga magoti mbele ya kichaka kimoja kwa muda mrefu, nikiwa nimekwisha kupunguza upande mmoja. Ndani, usawa wa kifua, palikuwa na kiota. Kikombe kidogo cha nyasi kilichofumwa kwenye panda ya tawi, na ndani yake makinda mawili yasiyo na manyoya, midomo wazi. Nilimwita Mama. Alitazama sekunde chache, akatoa utepe mwekundu mfukoni, akauzungusha kwenye tawi la nje, akaandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Kisha akaturudisha sote nyuma hatua kadhaa, akaamuru vichaka vinne vinavyokizunguka navyo viachwe, maana kiota kilichobaki peke yake uwanjani ni chakula cha mwewe.

"Kwa hiyo lantana ina faida," akasema dada mkimya, mwenzangu wa Jumatatu.

"Kwa ndege huyu, mwaka huu, ndiyo. Vichaka vilivyokuwepo zamani vimeshasongwa, ajenge wapi tena? Ndiyo maana tunakwenda polepole. Ukifuta vyote kwa siku moja, umemnyang'anya nyumba kabla hujamjengea nyingine."

Nilishawahi kuusikia ubishi huu ukitumiwa kama sababu ya kutofanya lolote: wanyama wameshazoea, waacheni. Pale chini ya utepe mwekundu niliona kwamba ni sababu ya kupanga ratiba tu. Makinda wataruka baada ya majuma machache, na miche niliyoiona asubuhi itakuwa imeanza kunyooka.

Mzee alipata kichaka ambacho majani yake yalikuwa na madoa meupe, yamesinyaa. Upande wa chini kulikuwa na wadudu wadogo mno wenye mabawa ya wavu. Dada wa mimea alifurahi mno na akakataa kabisa kisiguswe. Habari zao akasema tutazipata mvua ikinyesha.

Alhamisi

Ikanyesha. Kukicha ikanyesha, mchana ikanyesha. Udongo ukilowa, kila hatua inabeba mbegu na kila pigo la sururu linafukua zaidi ya linavyopaswa, kwa hiyo tulibaki kwenye hema kubwa tukinoa vifaa na kusikiliza.

Wadudu wa jana wanatoka Meksiko, nyumbani kwa lantana, na wanakula lantana. Hadithi yake ni ndefu. Lantana ilipelekwa Hawaii mwaka 1858 iwe ua la bustani. Ndege wakaila, ikatoka bustanini, ikaingia malishoni, na mifugo inayoila hudhurika ini na kuwa na ngozi isiyostahimili jua. Mwaka 1902 mtaalamu wa wadudu Albert Koebele akaenda Meksiko kutafuta wanaoishambulia huko kwao, akawapeleka Hawaii. Inahesabiwa kuwa miongoni mwa mara za kwanza kabisa duniani binadamu kuhamisha wadudu kwa makusudi ili wapigane na gugu. Tangu hapo wadudu wa lantana wameachiliwa katika nchi nyingi, na wamepunguza kasi yake bila kuimaliza popote. Lantana yenyewe ni mchanganyiko wa aina nyingi zilizozalishwa bustanini kwa karne kadhaa, na mdudu anayependa aina moja huikataa nyingine.

Kijana aliuliza swali ambalo wengi tulikuwa nalo tangu Jumapili: ukuta wa getini ataukata nani basi? Hapa Mama hakuzunguka. Ule si wa kujitolea. Ule unahitaji watu waliofunzwa, wenye misumeno ya moto, wanaolipwa, wanaorudi mwaka hadi mwaka. Alitaja Afrika Kusini, ambako mwaka 1995, Kader Asmal akiwa waziri wa maji, ulianzishwa mpango unaoitwa Working for Water. Hesabu iliyouanzisha ilikuwa ya maji: miti ya kigeni iliyoenea kwenye vyanzo vya mito hunywa maji mengi kuliko uoto mfupi wa asili. Serikali ikaajiri maelfu ya watu wasio na kazi waikate. Mito ikapata nafuu, na watu wakapata mishahara.

Palizuka mjadala mkali kidogo. Mzee alisema kujitolea ni kujitolea, habari za malipo zisiingizwe. Dada mkimya, ambaye kumbe si mkimya, alisema kazi ya kuvunja mgongo inayofanywa mwaka mzima na watu wasiolipwa ina jina jingine. Mimi niko upande wake. Anayejitolea ana wiki moja, ana ari, na ana macho mengi ya kutazama vitu vidogo. Mpe kazi ya wiki moja yenye vitu vidogo. Ukuta ni kazi ya miaka, na anayeifanya ana haki ya kula kutokana nayo.

Ijumaa

Jua limerudi, udongo bado umelowa, tukapelekwa miambani ambako hakuna udongo wa kuvuruga. Adui mwingine: dungusi, lile kakati lenye vipande bapa vilivyoungana kimoja juu ya kingine.

Panga halina kazi hapa, na kwa kweli ni hatari. Kila kipande cha dungusi kinachodondoka ni mmea mzima. Hakihitaji kupandwa, kinahitaji kusahauliwa tu: kitalala juu ya mwamba miezi, kikijilisha kwa maji yake chenyewe, mpaka kipate ufa wa kupitisha mizizi. Ukiupiga mmea mmoja panga mara ishirini, umepanda ishirini. Kwa hiyo tulipewa koleo ndefu za chuma na madumu yaliyokatwa midomo. Mmoja anashika kipande kwa koleo, mwingine anakata kiungo kwa kisu kirefu, kipande kinatua ndani ya dumu bila kugusa ardhi. Kisha unapiga magoti kuokota vilivyoponyoka, hata kile cha ukubwa wa ukucha. Tulimaliza mwamba mmoja asubuhi nzima.

Miiba mirefu si tatizo, unaiona. Tatizo ni mashada ya vimiiba vya rangi ya dhahabu kwenye kila doa, vyembamba mno, vyenye ndoana ncha zake, vinavyopenya glavu ya ngozi na kukatikia ndani ya kidole. Kibano kinafaa kama una jicho. Mzee alifundisha njia yake: bandika plasta ya kunata mahali palipochomwa, kandamiza, ivute kwa mkupuo. Ilitoa nusu yake. Nusu nyingine nimeondoka nayo.

Upande wa pili wa mwamba tulikuta dungusi zilizojaa pamba nyeupe. Dada wa mimea alibana kipande kidogo cha ile pamba kati ya vidole viwili, akaponda. Vidole vikawa vyekundu, wekundu mzito wa kutisha kidogo. Ndani ya pamba kuna mdudu anayefyonza utomvu, jamaa wa yule ambaye watu wa kale wa Meksiko walimfuga ili wapate rangi nyekundu ya kutia nguo. Dungusi zilizoshambuliwa zilikuwa zimesinyaa, nyingine zimeanguka zimekuwa kama karatasi. Hizo tuliziacha na wadudu wao. Zaidi ya hapo, tulikata vipande vichache vyenye pamba na kuvipachika kwenye dungusi nzima upande wa bonde ambako hatungeweza kufika. Kazi hiyo ilichukua dakika chache, na nadhani itafanya zaidi ya koleo zetu zote.

Mfano unaotajwa kila mahali ni wa Australia. Kufikia miaka ya 1920 dungusi zilikuwa zimefunika kama hekta milioni 24 huko, watu wakihama mashamba yao. Mwaka 1925 yakaletwa kutoka Argentina mayai ya nondo aitwaye Cactoblastis, ambaye viwavi wake hula dungusi kwa ndani. Katika miaka michache tu ardhi ikafunguka. Mji mdogo wa Boonarga, Queensland, ulijenga ukumbi mwaka 1936 ukaupa jina la nondo huyo. Lakini nondo huyohuyo alionekana Florida mwaka 1989, akielekea Meksiko ambako dungusi ni mmea wa nyumbani na ni riziki ya watu. Ndiyo maana kabla ya mdudu kuachiliwa siku hizi huwekwa karantini miaka akijaribiwa kwenye mimea mingine. Wadudu wetu wa pamba walipita huko kabla ya kufika mwambani.

Jumamosi

Kijito. Kazi ya visiki vikubwa ambavyo nundu zake zimeshikana na mizizi ya miti ya asili, huwezi kuzing'oa bila kubomoa ukingo. Mbali na maji, visiki vya namna hiyo hukatwa kwa msumeno karibu na ardhi na kupakwa dawa ya magugu kwa brashi papo hapo, kabla kisiki hakijajifunga. Dawa ilitiwa rangi ya buluu ili ijulikane kipi kimepakwa, na waliopaka ni wawili tu wenye cheti, sisi wengine tulizuiwa hata kushika kopo. Karibu na maji hakuna dawa kabisa. Hapo unakata, unarudi baada ya majuma kadhaa kung'oa machipukizi, unarudi tena, mpaka kisiki kiishiwe akiba.

Mchana tulirudi mteremko wa Jumatatu kuhesabu. Vigingi vinne, kamba, mraba wa mita moja, unapiga magoti na kuhesabu kila mche ulio ndani: wa asili upande huu wa karatasi, wa lantana upande ule. Miraba mingi, imetawanywa kwa bahati nasibu. Mvua ya Alhamisi ilikuwa imeamsha vitu. Miche ya lantana ilikuwepo, yenye majani mawili tu, na inatoka kwa vidole viwili bila nguvu yoyote. Ya asili ilikuwa mingi zaidi. Pia kuna nguzo zilizozikwa ambapo picha hupigwa kila msimu, kamera juu ya nguzo, upande uleule.

Kijana alitaka tupigwe picha mbele ya rundo. Tatizo ni kwamba hatukuwa na rundo, vichaka vyetu vimetawanyika msitu mzima vikiwa vichwa chini. Tulipiga mbele ya mraba wa kamba, watu wanane wameinama wanatazama chini. Picha mbaya. Nimeitunza.

Jumapili, kuondoka

Brashi za waya tena, turubai tena, na safari hii ilichukua muda mrefu zaidi kwa sababu kweli tulikuwa tumebeba vitu. Kwenye mkunjo wa suruali ya Mzee zilitoka mbegu ambazo Dada wa mimea alizitia kwenye bahasha bila kueleza.

Fomu ya ripoti ilikuwa na mstari wa kujaza tani zilizoondolewa. Mama aliupiga mstari juu yake, akaandika eneo lililopitiwa, idadi ya miche ya asili kwa mita ya mraba, na mahali ulipo utepe mwekundu.

Kisha akatoa karatasi nyingine, ya marudio. Hiyo ni kazi ya majuma machache baada ya mvua kushika, ya kung'oa miche ya vidole viwili na machipukizi ya kijitoni kabla hayajafika gotini. Hakuna panga wala sururu, na Mama alitueleza wazi kwamba kila msimu kazi ya kwanza hujaa watu na hii hukosa. Dada asiye mkimya aliandika jina, kijana akaandika baada ya kufikiri, nami nikaandika chini yake. Mzee alikuwa wa kwanza kwenye orodha, kama ilivyo ada. Aliponirudishia kalamu aliniomba, nikija, nimletee tupa mpya. Ya kwake imekwisha meno, na anajua wauzaji watajaribu kuniuzia ya misumeno.